Tundu la Dereva

…na ningeweza kutoka polepole, hakuna aliyenishikia fimbo, ningejikwaruza bega kidogo, nikaguna, nikasema jamani hapa pamebana, ingetosha, lakini wapi, mimi nikisikia mtu anapima muda lazima nishinde, akili inazima na miguu inawaka, nikaponyoka kwenye lile tundu kama kipande cha sabuni, nikatokea juu vumbi la mbao limenijaa kwenye nyusi, na Mhandisi, mwanamke asiyeachana na saa yake, akaitazama, akaitikisa, akaitazama tena, akasema, Huyu ndiye, huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta, watu wakapiga makofi, na sasa nimerudishwa humu humu, kwenye kiti cha dereva cha kifaru cha mbao alichokijenga baba yangu, mfano wa kile cha chuma kitakachotengenezwa, nimekunja magoti, nangoja kutoka mara ya pili, kwa sababu mgeni aliyekuja kukinunua hakuona vizuri mara ya kwanza, alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu… kamba ya kiatu, yaani kama kuna mtoto wa watu angeungua hapa angeungua mgeni akifunga kamba, tulia, hakuna anayeungua, ni plaiwudi tu hii, plaiwudi na gundi na rangi ya kijivu, na bomba la maji machafu walilolipaka rangi wakaliita mzinga, tulia wewe. Subiri kidogo huko ndani, mama, anasema baba, yuko juu yangu, sauti yake inapita kwenye mbao na kuniingia mgongoni kabla haijafika masikioni, Skrubu ya rafu imelegea, naikaza mara moja, na mara moja ya baba haijawahi kuwa mara moja, namjua, atakaza hiyo kisha ataona nyingine karibu yake haijamridhisha, ataipapasa kwa kidole gumba, ataiambia kitu, baba huziambia skrubu mambo ambayo watu hawaambii.

Nikiinua mkono naugusa mlango ulio juu ya kichwa changu, mlango wa dereva, anaoingilia na anaotokea siku njema, ila leo haufunguki, wamegeuza mzinga ukaulalia, maana hilo ndilo jaribio lenyewe, mzinga umegeukia hivi, gari linawaka moto, dereva afanye nini, na jibu lao ni tundu, tundu lililo nyuma ya bega langu la kulia, kati ya ukuta na rafu ya risasi, dereva alaze kiti, ajigeuze kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda, atangulize mkono, kisha kichwa, kisha bega, atambae hadi chini ya kile wanachokiita kichwa cha kifaru, ndipo apande atokee juu, rahisi, Mhandisi alivyonielekeza asubuhi ungedhani ananituma dukani, na nilipomuuliza kwa nini tundu lisiwe kubwa zaidi akanitazama kwa huruma, kama nimeuliza kwa nini mvua hainyeshi kwenda juu, akanyoosha kidole upande wa pili wa karakana, pale baba alipojenga tumbo la ndege, mbavu tupu za mbao zimesimama kama banda ambalo mwenyewe alighairi kuliezeka, akasema, Vyote vinaanzia pale, dada, tumbo la ndege ni lile, halipanuki kwa ajili yetu, kifaru lazima kiingie, kifungwe minyororo, kiruke, kitue, kishuke kinatembea, ukiongeza hapa unapunguza pale, nikasema, Basi punguzeni risasi, hii rafu ndiyo inayokula nafasi, akacheka, kicheko kizuri tu, si cha dharau, akasema, Risasi ndizo anazozitaka mteja, gari ni la kuzibebea.

Gari ni la kuzibebea, hiyo nikaihifadhi papo hapo, nikaikunja vizuri kichwani kwa ajili ya ukumbini, nisijidanganye, nilikuja hapa kuokota sentensi, nilikuja kama wanavyokuja watu msibani wasiomjua marehemu… na yote yalianzia kwenye ule mdahalo wa chuo, mada ilikuwa viwanda vya silaha na mimi nilikuwa upande unaopinga, nikasimama nikasema nchi hii inatengeneza kifaru ambacho jeshi lake lenyewe limekikataa, limeitazama michoro likasema asanteni, sisi tutabaki na vyetu vizito, hicho wauzieni wengine, nikasema ngozi yake ni nyembamba kwa sababu ndege haibebi nene, na eti ngao za kuiongezea unene zitafuata kwa ndege ya pili, kisha nikawageukia wapinzani wangu, nikashusha sauti, nikauliza kwa adabu zote, Waheshimiwa, adui ameshaarifiwa kwamba asubiri ndege ya pili? Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata mwenyekiti alijifunika kwa karatasi, na ningeishia hapo, Mungu wangu, si ningeishia hapo, nilikuwa nimeshashinda, lakini ulimi ukishapata moto haujui breki, nikasema wapo watu wapole sana katika nchi hii, wanakipiga kifo msasa mpaka kinateleza, kisha wanarudi nyumbani, wananawa mikono, wanakula na watoto wao, na kila mtu anayenijua alijua namsema nani, na mtoto wa shangazi alikuwa anarekodi. Baba aliitazama ile video sebuleni, kwenye simu ya yule yule mtoto wa shangazi, ameishika mbali na macho kwa sababu miwani huwa haijulikani iko wapi, akaitazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akaitazama tena, mama amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, halafu akamrudishia mtoto simu yake, akaniambia, Umeongea vizuri, Kiswahili kimenyooka, akaenda kurekebisha bawaba ya kabati la mama ambayo haikuwa na tatizo lolote. Angenipiga. Angenifokea, angesema nani aliyekulipia vitabu, hoja hiyo nilikuwa nimeshaitengenezea jibu, nilikuwa na majibu ya kila kitu isipokuwa la Kiswahili kimenyooka, na tangu siku hiyo akawa anaongea na mimi kwa kupitia mama, Mwambie mwanao chakula kiko mezani, nami nimekaa hapo hapo, kijiko mkononi, Mwambie mwanao afunge dirisha, mvua inaingia, na mama anageuka ananiambia fungeni dirisha kama vile tuko wengi… mpaka juzi, alipoliambia jokofu, maana ndilo alilokuwa analitazama, Aje aone hicho anachokitukana.

Ah, skrubu nyingine hii, namsikia anaibana, mbao inalia kidogo kisha inanyamaza, Pole, mama, anasema, Wamechoka kukungoja? nasema, Mimi ndiye ninayengoja, baba, na anacheka kwa pua, ule mcheko wake mfupi, kabla ya leo mwezi mzima sikuusikia, na hiyo ndiyo balaa yenyewe, ni utamu wa kitu hiki, asubuhi nzima amekuwa akinitembeza humu kama bwana harusi anayeonyesha nyumba aliyopanga, hapa ndipo tunapokata, hapa ndipo tunapokausha, tazama huu usukani, nimeutoa kwenye mpini wa jembe, hizi pedali ni za mbao ngumu, maana wanazikanyaga kweli kweli, na hizi saa za dashibodi nimezichora mwenyewe, nikasema, Baba, hii imeandikwa joto lakini mshale uko kwenye baridi, akasema, Si gari jipya hili, halijawashwa, na tukacheka wote wawili tukiwa tumeinama juu ya kifaru, mimi na yeye, vichwa vinakaribia kugongana, na mimi ndiye yule wa msasa na kifo, nimesahau kabisa. Njiani alikuwa ameniambia, kama utani, kwamba wakubwa wanasema mgeni akiridhika leo karakana ya mbao itabaki, asiporidhika basi wao wamechoka na mbao, watafanya kila kitu kwenye kompyuta kama wenzao, Na mimi nitarudi kutengeneza stuli, akasema, stuli ni kitu kizuri, hakuna anayetoa hotuba juu ya stuli, akanitazama kwa pembe ya jicho aone kama nimeumia au nimecheka, na mimi sikujua nichague lipi.

Na tulipomaliza kuzunguka tukarudi kwenye kifaru, tukakuta Kabati amenasa. Kabati ni mtunza stoo, jina lake halisi sidhani hata mkewe analitumia, mtu mpana, mpole, na Mhandisi alikuwa amemtia humu ndani kwa sababu utaratibu wao unataka wajaribu watu wa kila umbo, mdogo, wa kati, mkubwa, sasa mkubwa ndiye yeye, na alikuwa ametoa mkono mmoja na kichwa na hapo safari ikaishia, bega limegoma, na anaongea kwa utulivu kabisa kutoka ndani ya tundu, Nyie nendeni mkapate chai, mimi mtanikuta, siendi popote, baba ikabidi afungue rafu nzima ndipo wakamvuta, ametoka shati limechanika begani na ngozi imechubuka, anasema, Tundu hili ni la paka, na paka mwenyewe awe na haraka, watu wanacheka, mimi nacheka, Mhandisi anacheka, halafu Mhandisi anajifuta macho na kusema, Haya, Kabati halihesabiki, Kabati si askari, leteni mtu mwenye mwili wa askari… halihesabiki, nililisikia hilo neno, nilisikia kabisa, mimi ninayemkatiza mtu ukumbini akisema wengi badala ya baadhi, mimi nililiacha likapita, kwa sababu wakati huo huo baba alikuwa ameniwekea mkono begani na kusema, Huyu wangu anapita popote. Huyu wangu. Baada ya mwezi wa mwambie mwanao. Nikavua viatu kabla hajamaliza.

Maana ni kweli, nilikuwa napita popote, kule kwenye nyumba ya zamani baba alikuwa na ugonjwa wa kufungia funguo ndani, tunarudi jioni, mama na mizigo, baba anajipapasa mifukoni, na mama anaanza, Usiniambie, na baba ananiambia mimi, Haya mwizi wangu, kazi imepatikana, ananipandisha mabegani, ananichomeka kwenye kidirisha cha bafu, mkono, kichwa, bega, ni mpangilio ule ule, naangukia kwenye beseni, nakimbia gizani nyumba nzima moyo unadunda, nafungua mlango, na pale nje baba anapiga makofi kama nimeokoa nchi, mama anasema, Utamvunja mtoto shingo wewe, siku moja utakuta amekua atanasa humo, na baba anajibu, Huyu hakui… na ndiyo makofi niliyoyasikia leo, katika makofi yote yaliyopigwa nilisikia yale mawili tu, viganja vikavu vya mtu wa mbao, vinalia tofauti na vya wengine, nikasimama juu ya kifaru na vumbi langu nimekenua meno kama mtoto, na sikujiuliza hata mara moja nimethibitisha nini. Nimethibitisha kwamba tundu linatosha. Hicho tu ndicho nilichothibitisha. Kabati na ngozi yake iliyochubuka amefutwa, mimi ndiye ushahidi, na ningekuwa upande wa pili wa mdahalo ningejimaliza mwenyewe kwa swali moja, Mheshimiwa, unatuambia mlango ni mpana kwa sababu wewe ni mwembamba?

Wanaongea hapo nje, upande wa kushoto, Mhandisi na mgeni, ukuta huu ni mwembamba na wao wanadhani mtu akiwa ndani ya kifaru hasikii, mgeni wanamwita Meja, wa jeshi la nchi nyingine, mzee kidogo, mtaratibu, asubuhi alimpisha Kabati kiti ili akae ajipepee, na sauti yake ni ya mtu anayesoma magazeti kwa kituo, Mhandisi anamwambia, …ukitaka tundu pana, Meja, inawezekana, naondoa nusu ya hii rafu, unabaki na nusu ya risasi, na Meja anasema, Risasi zibaki, bila kufikiri, na Mhandisi anasema kitu kuhusu uzito, mkia wa ndege, sijui mlingano, sisikii, baba anakaza… kisha Meja anauliza, Huyo binti ana kimo gani? Mhandisi anamwambia kimo changu, wanakijua, wamenipima asubuhi kama nguo, na Meja anasema, Basi hakuna tatizo, wa kimo hicho tunao wengi, tutawachukua mapema kidogo. Mapema? anauliza Mhandisi. Kabla hawajapanuka mabega, anasema Meja. Ni hivyo tu. Kwa sauti ile ile ya kumpisha mtu kiti, kama anayezungumzia sare za shule, nunua zinazomtosha sasa, nangoja Mhandisi ajibu, wewe mwanamke mwenye digrii na saa ya kuhesabia jibu kitu, na anachosema ni, Nikuagizie chai, Meja? na hapa juu yangu bisibisi imesimama. Imesimama katikati ya kukaza. Baba amesikia. Sekunde mbili, tatu, kisha bisibisi inaendelea, polepole, inamalizia mzunguko wake.

Hajapanuka mabega, hajapanuka mabega, yaani ana magoti haya haya, amekaa hivi nilivyokaa, kisogo kwenye huu mto, labda anapenda kwamba kiti kinamtosha, ndiyo, atapenda, hakuna kitu kinachompendeza mtu wa umri ule kama kuambiwa wewe tu ndiye unayefaa, angalia wakubwa wote hawa hawapiti, wewe unapita, haya mwizi wetu, kazi imepatikana… na atavua viatu kabla hawajamaliza kusema. Na mimi ndiye kipimo chake. Yeye hatanijua mimi wala mimi sitamjua yeye, lakini mahali fulani mtu atasimama na ufito uliokatwa kwa kimo changu, atapita mstari mzima wa watoto waliosimama wima, huyu, huyu, yule amezidi mwache, huyu… basi toka humu, toka upande juu ya hiki kiroja uwahutubie, si ndiyo kazi yako, hoja unazo, hasira unayo, una Meja mzima wa kumshika ulimi, na tayari najua itakavyokuwa, nawaona, watanisikiliza mpaka mwisho, Mhandisi ataangalia chini, Kabati ataacha kujipepea, na Meja atangoja nimalize, atatikisa kichwa kwa heshima, ataniambia naongea vizuri, kisha ataomba kalamu atie sahihi. Jaribio limeshapita. Nililipitisha mimi kwa miguu yangu, na hotuba haifuti miguu. Basi usitoke haraka. Kwama. Kwama kama Kabati, na mimi ndiye mwili wa askari waliouchagua wenyewe, mimi nikikwama hawawezi kusema sihesabiki, hata akili ya Meja haiwezi kuwachukua wadogo kuliko hapa, au inaweza, hapana, pedali hazitafikiwa, baba amezipigilia mbali, lazima rafu ikatwe, risasi nusu, tundu lipanuke, aingie mtu mzima aliyemaliza kukua na akili zake, aliyekuja mwenyewe au angalau aliyeletwa akiwa na ndevu… unasikia unavyosema? unajisikia? wewe wa msasa na kifo, umekaa ndani ya kifaru unakirekebisha. Hicho ndicho utakachokuwa umekifanya, utakuwa umewatengenezea kifaru bora, kinachouzika zaidi, Mhandisi atakushukuru, ataandika kwamba kina njia salama ya kutokea, wanunuzi wataipenda hiyo, na kesho kutwa ukumbini mtu atanyanyua mkono, na nitastahili, atauliza, Samahani, msemaji wa upande unaopinga, si wewe uliyewasaidia kulipanua tundu? na mimi nitasema nini, nitasema ndiyo lakini, mimi ninayewacheka watu wa ndiyo lakini. Kukataa kizima kizima ni kuzuri sana ukiwa umesimama. Ukikaa humu, magoti kifuani, kuna vitu viwili tu, tundu hili au tundu kubwa kuliko hili, na cha tatu, kile ninachokitaka mimi, kwamba hiki kidude kisiwepo kabisa, kibaki kuwa mbao, wapeleke watoto wa chekechea wakipande, wapige honi, hicho hakimo kwenye jaribio, hakuna anayekipima, na nilikuwa naweza kukipigania huko nje mwaka mzima na bado leo asubuhi, kwa makofi mawili, nikawapa sahihi yangu. Na baba… nikikwama karakana inakwenda, mikono hiyo itarudi kwenye stuli, na si stuli, ni kwamba amenileta yeye, amesema huyu wangu mbele ya watu wote, mimi nikikwama yeye ndiye aliyedanganya, na atajua, hapo ndipo pabaya, wengine nitawalaghai, lakini yeye ndiye aliyelikata hili tundu na ndiye aliyenichomeka kwenye vidirisha, anajua mwili wangu unapita wapi kuliko ninavyojua mimi, atajua kwamba sijanasa, na atadhani ni video tena, ni hotuba nyingine, kwamba nimekuja mpaka kazini kwake kumwaibisha, na mwezi wa mwambie mwanao utakuwa mwaka, utakuwa maisha, nitazeeka nikiambiwa na mama nifunge dirisha. Au atajua kwa nini. Bisibisi ilisimama. Ilisimama, sikuota, lakini pia iliendelea, na mimi siwezi kujenga hoja juu ya bisibisi, na ningetoa chochote leo niwe sijayasema yale ya kunawa mikono, si kwa sababu ni uongo, kwa sababu sasa ninahitaji aniamini na nimeshaitumia imani yake yote kwa kicheko cha ukumbi.

Tayari, anasema baba, na mbao zinatikisika anaposhuka kutoka juu yangu, anahamia nyuma, anaingia kwenye ile nafasi ya mviringo chini ya kichwa cha kifaru ili awe upande wa pili wa tundu, anipokee, kama mara ya kwanza. Meja yuko hapa anatazama, anasema Mhandisi kwa sauti ya kila mtu, safari hii hafungi kamba, anacheka peke yake, Dada, nikisema toka, fanya kama ulivyofanya, usiongeze wala usipunguze. Sawa, nasema, na mwili unaanza bila mimi, kidole gumba cha mguu kimeshajikita kwenye ubao, bega la kulia limeshashuka, tumbo limeingia ndani, mwili huu mjinga unasikia saa na unataka kushinda, naushika, naushika kama unavyomshika mtoto asikimbilie barabarani, narudisha mguu, narudisha mgongo kwenye kiti, Toka, anasema Mhandisi. Toka, dada. Naona vumbi linashuka kwenye mstari wa mwanga unaoingia pembeni ya mlango uliolaliwa na bomba. Amesikia? anauliza Kabati, na mtu anasema, Amesikia, ngoja, anajipanga, na sijipangi, nimekaa, mikono juu ya magoti, na uso wa baba unatokea kwenye tundu, nusu yake, jicho moja na shavu na mvi zenye unga wa mbao, Vipi, mama, ananong'ona, tundu hilo, nipe mkono, na mkono wake upo hapo, kiganja kimeelekea juu, karibu kiasi kwamba nikinyoosha vidole tu nimeufikia, na nataka kunyoosha, hakuna anayejua ninavyotaka. Nimekwama, baba. Ananitazama. Anatazama mgongo wangu uliogusa kiti, anatazama miguu, anatazama bega la kulia ambalo halijakaribia hata ukingo wa mbao yake, anarudi usoni kwangu, maneno yote ninayoyajua yako huko nje pamoja na viatu vyangu, Nimekwama, nasema tena, kwa sauti ya kufika kwa Meja, na Mhandisi anauliza huko juu, Vipi humo, fundi, amenasa au hakunasa? na mkono wa baba bado uko kwenye tundu, anaendelea kunitazama, na mimi naendelea kukwama.